Panya asiye na baba: kisa cha Kaguya na jeni zenye muhuri

Nianze na namba maana kwenye hiki kisa namba ndo zinaongea. Mayai 457 yaliundwa maabara, 371 yakapandikizwa kwa panya jike, siku ya 19 na nusu wakapasuliwa wakakutwa na vitoto 28, 18 vimeshakufa, 10 viko hai, na katika hao 10 aliyekua mpaka utu uzima wa panya ni mmoja tu. Wakamwita Kaguya, kwa jina la binti wa hadithi ya kale ya Kijapani ambaye mzee mkata mianzi alimkuta ndani ya pingili ya mwanzi, hakuzaliwa kama watu wanavyozaliwa. Na panya huyu naye hakuwa na baba. Sio kwamba baba alikufa au hajulikani, hapana, hakuna mbegu ya dume iliyohusika popote, ana mama wawili basi.

Hiyo ni 2004, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Tokyo, profesa Tomohiro Kono na wenzake, na ilitoka kwenye jarida la Nature mwezi wa nne. Watu waliposikia wakakimbilia kusema kumbe wanaume hawahitajiki tena. Mimi nimekaa na hiki kisa muda sasa na naona kinasema kinyume chake kabisa, kinasema baba anahitajika, ila sio kwa sababu tuliyofundishwa shule, na mama vilevile anahitajika na sio kwa sababu tuliyofundishwa shule.

Niseme kwanza nimefikaje huku. Wifi yangu, mke wa kaka, alipata mimba zabibu. Miezi mitatu tunajua mtoto yupo, tumbo linakua haraka kuliko tarehe zake, anatapika mpaka anakosa nguvu, tukaenda utrasaundi na mimi nilikua nimemshika mkono, nikaangalia ile skrini nikaona chenga chenga tupu kama TV isiyoshika stesheni. Hakuna kichwa, hakuna mapigo ya moyo. Aliyekua anampima hakutuelezea chochote, alitupa karatasi tu. Nyumbani ndo ikaanza, huyu kasema karogwa, yule kasema alitumia uzazi wa mpango muda mrefu, mwingine sijui alikula nini. Siku moja tuko jikoni tunachambua mchele akaniuliza, "Wifi, hivi nilikosea wapi?" Sikua na jibu. Nimefundisha baiolojia kidato cha tatu na cha nne miaka kadhaa na sikua na jibu, iliniuma sana. Ndo nikaanza kusoma, na kusoma kukanifikisha kwa huyu panya.

Sasa turudi nyuma miaka 20 kabla ya Kaguya. Kuna mtu anaitwa Azim Surani, amezaliwa Kisumu, Kenya, mwaka 1945, akaenda kusoma Uingereza na udaktari wake wa falsafa akaufanyia Cambridge chini ya Robert Edwards, yuleyule ambaye kazi yake ndo ilileta mtoto wa kwanza wa IVF, yaani yai kurutubishwa nje ya mwili, maabara, mwaka 1978. Nalisema hili la Kisumu makusudi kwasababu nimefundisha hii mada bila kujua kwamba mmoja wa watu wawili walioifungua kakulia hapa kwetu pembeni ya ziwa.

Surani alitaka kujua kitu ambacho kinaonekana rahisi. Samaki wapo wanaozaa bila dume, mijusi wapo, hata nyuki dume anatoka kwenye yai ambalo halijarutubishwa. Kwanini mnyama anayenyonyesha hawezi? Kama yai lina kromosomu seti moja na linahitaji seti mbili, si uweke seti mbili za mama, jeni ni zilezile, ini ni ini, moyo ni moyo?

Akajaribu, yeye na Sheila Barton na Michael Norris. Yai la panya likisharutubishwa kuna masaa machache ambapo ukilitazama kwenye hadubini unaona viini viwili vimekaa mbalimbali ndani ya yai moja, cha baba na cha mama, bado havijaungana. Cha baba ni kikubwa kidogo. Yai lenyewe halifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na mtu analishikilia kwa pipeti moja linavutwa taratibu, afu kwa pipeti nyingine nyembamba sana anachomoa kiini kimoja anaweka kingine kutoka yai jingine. Kwaiyo unapata yai lenye viini viwili vya mama, au viwili vya baba, au cha mama na cha baba kama kawaida kwa ajili ya kulinganisha. Hesabu ya kromosomu imekamilika pande zote. Mayai yenye mama na baba yakatoa panya wazima. Mengine yote yakafa tumboni. Mwaka huohuo wa 1984 kule Philadelphia, James McGrath na Davor Solter wakapata jibu hilohilo kwa njia yao.

Ila angalia yalivyokufa, hapa ndo mimi nilisimama kusoma nikaenda kumpigia wifi simu. Yale ya mama wawili, kiinitete kinaanza vizuri kabisa, kina umbo, lakini kondo la nyuma ni dogo, duni, kinakosa chakula kinafia karibu siku ya 10. Yale ya baba wawili ni kinyume, kondo linakua, linashamiri, ila kiinitete chenyewe hakuna kitu. Kondo bila mtoto. Hiyo si ndo tuliyoiona kwenye skrini?

Ndio, ndo yenyewe. Mimba zabibu kamili ni mimba ya baba mtupu. Hilo lilikua limeshajulikana kwa binadamu tangu 1977, Wajapani Kajii na Ohama walipochunguza kromosomu za mimba za namna hiyo wakakuta zote zimetoka kwa baba. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba yai limepoteza kiini chake, mbegu moja inaingia, inajirudufu inakua seti mbili, hesabu inafika 46 kama kawaida, na mwili unaanza kujenga kwa maelekezo ya upande mmoja. Maelekezo ya upande wa baba yanasema jenga kondo, vuta chakula, kua, kua, kua. Vile vifuko vya maji vilivyojikusanya kama kichala cha zabibu ni tishu ya kondo iliyovimba. Homoni ya mimba inatoka kwenye hiyo tishu, ndo maana ilikua juu sana, ndo maana kutapika kule. Na kinyume chake nacho kipo kwa binadamu, yai ambalo linaanza kujigawa lenyewe ndani ya ovari bila mbegu yoyote, linatoa uvimbe ambao ukipasuliwa unakutwa na nywele, mafuta, hata meno. Watu wakiona vile wanajua ni uchawi moja kwa moja. Ni yai lililojaribu kwenda peke yake na maelekezo ya mama tu.

Kwaiyo swali la Surani likawa, kama DNA ni ileile, tofauti iko wapi? Jibu ni kwamba jeni kadhaa zinakuja zimepigwa muhuri. Chukua doti ya kanga, vipande viwili, mji uleule, pindo lilelile, maandishi yaleyale. Umepeleka kimoja kwa fundi kikapindwa, kingine hakijapindwa. Ukisoma maandishi huoni tofauti yoyote, lakini ukishika ukingo kwa vidole unajua kipi ni kipi. DNA iko hivyo, herufi hazijabadilika ila juu ya herufi fulani kumebandikwa kikemikali kidogo kinaitwa methili, na palipobandikwa jeni ya jirani yake inaweza kunyamazishwa au kuachiwa. Jeni nyingi hazijali zimetoka kwa nani. Lakini zipo kama mia hivi ambazo zinajali, nyingine inafanya kazi nakala ya baba tu, nyingine ya mama tu, na ile nakala nyingine ipo, nzima, imekaa kimya.

Jeni mbili ndo zinabeba kisa cha Kaguya. Moja inaitwa Igf2, hii inakuza, mtoto wa panya akiikosa kutoka kwa baba anazaliwa na uzito wa asilimia 60 tu. Ya pili ni jirani yake, H19. Zimekaa kromosomu moja na katikati yake kuna kipande cha DNA ambacho ndo kituo cha ukaguzi, na ng'ambo ya H19 kuna swichi moja ambayo zote mbili zinaigombania. Kwenye nakala ya mama kile kipande hakina methili, protini inaitwa CTCF inakaa pale kama kizuizi barabarani, swichi haifiki kwa Igf2 inaishia kuwasha H19. Kwenye nakala ya baba kipande kimejaa methili, CTCF haiwezi kukaa, njia iko wazi, Igf2 inawaka na H19 inanyamaza. Sasa ukiwa na mama wawili una vizuizi viwili, Igf2 imezimwa pande zote, H19 imewashwa pande zote. Na hiyo ni sehemu moja tu, kuna nyingine kibao.

David Haig, mwanabaiolojia wa mageuzi, ana hoja yake kwamba huu ni mvutano wa zamani kati ya baba na mama, baba anavuta mtoto akue mkubwa, mama anabana kwasababu ana mimba nyingine za kubeba mbele. Naikubali kwa sehemu kubwa, inaelezea vizuri habari ya kondo, ila sio ya leo.

La leo ni muhuri unapigwa lini, kwasababu Kono alipita hapohapo. Seli ambazo baadae zitakuja kuwa mayai au mbegu zinaanza mapema sana, mtoto akiwa bado tumboni, na zikifika kwenye sehemu yake ya uzazi zinafutwa mihuri yote, ya bibi na ya babu, zinabaki tupu. Halafu zinapigwa upya kulingana na jinsia ya huyo mtoto. Kama ni wa kiume zinapigwa za baba kabla hajazaliwa, kama ni wa kike zinasubiri. Panya jike anazaliwa ovari imejaa mayai madogo ambayo hayana muhuri bado, muhuri wa mama unapigwa baada ya kuzaliwa, yai linapokua na kunenepa. Fikiria maana yake, mtoto wa kike wa siku moja ana mayai ambayo bado hayajawa "ya mama", hayana upande.

Kono akaliona hilo. Mwaka 1996 alichukua kiini cha yai changa la panya aliyezaliwa karibuni akakiunganisha na yai lililokomaa, mama na asiye na upande, viinitete vikafika siku ya 13 na nusu badala ya kufia siku ya 10. Kwanini vilisogea? Kwasababu kwa panya sehemu ambazo yai linapiga muhuri ni ishirini hivi, na za mbegu zinazojulikana ni tatu au nne tu. Yai lisilo na muhuri kwa sehemu kubwa tayari linafanana na mbegu! Kilichobaki kukosekana ni ile mihuri michache ya baba, na mkubwa wao ni ule wa H19. Akatumia panya waliokatwa H19 na kile kituo chake cha ukaguzi, hakuna tena kizuizi, Igf2 ikawaka kama imetoka kwa baba. Yai changa la binti mwenye hicho kilema, pamoja na yai kamili la mama mwingine. Ndo yale 457.

Na ndo Kaguya. Mwaka 2007 kundi hilohilo likaondoa kizuizi cha pili, kwenye kromosomu ya 12, eneo la Dlk1 na Gtl2, ambalo nalo ni muhuri wa baba, na ghafla mafanikio yakapanda mpaka kama asilimia 30 ya viinitete vilivyopandikizwa. Kutoka mmoja kwenye 371 mpaka asilimia 30 kwa kurekebisha sehemu mbili! Mimi hapo ndo niliposhawishika kabisa, kwasababu mtu angeweza kusema Kaguya ni bahati, kwenye mayai mengi vile chochote kinaweza kutokea. Ila ukitoa kikwazo cha pili na njia ikafunguka kiasi hicho, basi hao walioshindwa wote walikua wanagonga ukuta huohuo.

Wale panya wa mama wawili walikua wadogo wa mwili, na baadae ikaonekana wanaishi zaidi, wastani wa siku 841 na nusu ukilinganisha na 655 na nusu za wenzao wa kawaida. Walikua 13 tu kila upande kwaiyo nisiwapeleke mbali, ila siku 186 kwa panya ni maisha.

Sasa kwa binadamu. Watu wananiuliza kama hii inamaanisha wanawake wawili watazaa, jibu langu ni kwamba hapa tunaongelea panya waliokatwa DNA na mamia ya viinitete vilivyokufa, hakuna mtu mwenye akili timamu atafanya hivyo kwa mtoto. Faida ya hiki kisa kwetu iko kwingine, iko kwa watu wanaohangaika kupata mtoto na kila kipimo kinasema wako sawa.

Kuna protini inaitwa Dnmt3L inayosaidia kupiga hii mihuri. Mwaka 2001 ilionekana kwamba panya dume akiikosa anakua mgumba, mbegu hazitengenezeki. Jike akiikosa mayai yake yanatoka, yanarutubishwa, mimba inaingia, halafu kila mimba inaharibika katikati kwasababu mayai yalitoka bila muhuri wa mama. Hebu fikiria huyo jike angekua mwanamke mtaani kwetu. Hedhi sawa, mayai sawa, mirija sawa, anashika mimba vizuri tu, na kila ikiingia inatoka. Na yupo, kwa binadamu kuna wanawake wachache sana ambao wana hitilafu kwenye jeni inaitwa NLRP7, ilitambuliwa 2006, hawa wanapata mimba zabibu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ukipima DNA unakuta mama yumo na baba yumo, nusu kwa nusu. Kilichokosekana ni muhuri wa mama kwenye yai. Mimba ina kromosomu za wazazi wawili lakini inasomeka kama ya baba wawili. Wa namna hii dawa za kuongeza mayai hazimsaidii, hata IVF kwa yai lake haimsaidii, ila kwa yai la mwanamke mwingine amebeba na kuzaa, liliandikwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet 2011. Tumbo lake halikua na shida hata siku moja.

Na wanaume wasikae pembeni maana huku kwetu mimba ikigoma macho yote kwa mwanamke. Mwaka 2004, mwaka wa Kaguya huohuo, watafiti wa Ureno walionyesha kwamba wanaume wenye mbegu chache, baadhi yao mbegu zao zina upungufu wa methili palepale kwenye H19, yaani muhuri wa baba umepigwa nusu nusu. Hii haimaanishi ndo chanzo cha mbegu kuwa chache, inawezekana vyote viwili vinatokana na kitu kimoja kilichoharibika mapema. Ila mtu akienda kupima akaambiwa mbegu zipo, idadi tu ndo ndogo, ajue kuhesabu na kuangalia zinavyoogelea hakukuambii mbegu imebeba muhuri gani.

Nilimpigia wifi nikamwelezea yote haya, nusu saa nzima, nikamwambia yai lilipoteza kiini chake kabla hata ya mimba kushika, wewe hukula kitu hukufanya kitu hukurogwa, na uzazi wa mpango haufuti kiini cha yai. Nikamwambia na ya daktari, kwamba mimba zabibu kamili ikishasafishwa asilimia 15 mpaka 20 hivi tishu inabaki inaendelea kukua, kwaiyo vile vipimo vya homoni vya kila mara asiruke hata kimoja na asishike mimba mpaka aambiwe, na ikibaki inatibika, na kwamba aliyepata mara moja uwezekano wa kupata tena ni kama mmoja kwa mia. Hao wa NLRP7 ni wengine, ni wachache mno.

Alinyamaza. Afu akaniuliza, "Na huyo panya, alizaa?"

Alizaa. Walimweka na dume wa kawaida, akashika mimba kwa njia ya kawaida, akajifungua vitoto wazima akanyonyesha. Nusu ya kromosomu zake ilikuja ikijifanya ya baba, lakini ndani ya ovari yake yote hayo yalishafutwa, na kila yai lililokomaa mle lilipigwa muhuri wa mama.